Huduma ndogo zinazoendeshwa na matukio: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Majibu haya yameandikwa kwa wasanidi programu wanaojenga, au wanaofikiria kujenga, mfumo unaohifadhi matukio badala ya hali ya mwisho, na unaotenganisha upande wa kuandika na upande wa kusoma. Mfano ni mmoja kuanzia juu hadi chini: mfumo wa SACCOS, wenye wanachama, akiba, wadhamini, mikopo na marejesho. Nimeuchagua kwa sababu kazi ya ushirika wa akiba na mikopo ni kutunza historia ya pesa za watu, na hapo ndipo njia hii inapoonyesha faida yake na pia gharama yake.

Tukio ni nini, na lina tofauti gani na amri?

Amri ni ombi: toa mkopo huu, pokea rejesho hili, mwondoe mdhamini huyu. Mfumo una haki ya kuikataa. Tukio ni jambo lililokwisha kutokea: MkopoUmeidhinishwa, RejeshoLimepokelewa, MdhaminiAmejitoa. Likishaandikwa halikataliwi wala halibadilishwi, kwa sababu linaeleza jana.

Chunga sana majina. Tukio linaloitwa MkopoUmebadilishwa halisemi lolote. Je, riba imepunguzwa? Muda umeongezwa? Mdhamini amefariki? Kila moja ya hayo ni tukio tofauti, lina sababu yake, na kuna mtu ofisini anayelijua kwa jina. Ukiona matukio yako yote yanaishia na "imeundwa", "imebadilishwa" na "imefutwa", jua umerudia jedwali la kawaida kwa njia ya gharama kubwa.

Kuhifadhi kwa matukio maana yake hasa ni nini?

Katika mfumo wa kawaida kuna jedwali la akaunti lenye safu ya salio, na kila muamala unaandika salio jipya juu ya lile la zamani. Katika mfumo wa matukio, salio si chanzo cha ukweli. Kinachohifadhiwa ni matukio ya akaunti ile kwa mpangilio wake, na salio hupatikana kwa kuyapitia. Amri ikifika, programu inasoma matukio ya akaunti hiyo, inajenga hali yake kwenye kumbukumbu ya muda (RAM) ya seva, inaamua, kisha inaongeza tukio jipya mwishoni. Haifuti na haiandiki juu.

Wahasibu wamefanya hivi kwa karne nyingi. Luca Pacioli, mwanahisabati wa Italia, alipoeleza mfumo wa uhasibu wa wafanyabiashara wa Venice mwaka 1494, utaratibu wenyewe ulikuwa umeshazoeleka. Hadi leo mhasibu makini akikosea hafuti mstari, bali anaandika mwingine wa kuurekebisha. Kwa upande wa programu, mwandishi Martin Fowler aliieleza njia hii kwa maandishi mwaka 2005, na msanidi Greg Young ndiye aliyeieneza sana pamoja na wazo la kutenganisha kuandika na kusoma.

Tukio moja kwenye hifadhi linaweza kuonekana hivi:

```
{
  "aina": "RejeshoLimepokelewa",
  "toleo": 1,
  "mtiririko": "mkopo-2231",
  "nafasi": 17,
  "lilitokea": "2025-03-04T09:12:40+03:00",
  "data": {
    "kiasi": 85000,
    "sarafu": "TZS",
    "njia": "malipo ya simu",
    "kumbukumbu": "namba ya muamala ya mtoa huduma"
  }
}
```

Si sawa tu na jedwali la kumbukumbu za ukaguzi?

Hapana. Jedwali la ukaguzi ni nakala ya pili ya habari. Ukweli uko kwenye jedwali la akaunti, na siku msanidi mmoja akisahau kuandika kwenye jedwali la ukaguzi, au akirekebisha data kwa mkono usiku, viwili hivyo vinapishana na hakuna atakayejua kipi ni sahihi. Katika kuhifadhi kwa matukio hakuna njia ya salio kubadilika bila tukio, kwa sababu salio linatoka humo humo.

Mwanachama akija na malalamiko kwamba mkopo wake ulikataliwa mwezi wa sita bila haki, unaweza kuyapitia matukio hadi siku ile na kuona kamati iliona nini: akiba yake ilikuwa kiasi gani, nani alikuwa amemdhamini, rejesho gani lilikuwa limechelewa. Kwa mfumo unaoandika juu ya salio la zamani, jibu hilo limeshapotea.

Kutenganisha kuandika na kusoma ni kitu gani?

Mizizi yake ni kanuni ya miaka ya 1980 ya Bertrand Meyer, mtaalamu wa lugha za programu: sehemu ya programu ama ibadilishe hali ama itoe jibu, isifanye yote mawili. Wazo ambalo wasanidi wengi wanalijua kwa herufi CQRS linaipeleka kanuni hiyo mbele. Linasema kuwe na muundo mmoja wa data kwa ajili ya kuamua na mwingine, au mingine kadhaa, kwa ajili ya kuonyesha.

Upande wa kuandika unajali swali moja: je, amri hii inaruhusiwa? Hauhitaji jina la tawi wala picha ya mwanachama. Upande wa kusoma unajali skrini. Ofisa mikopo anataka orodha ya waliochelewa zaidi ya siku 30, kwa tawi, pamoja na namba za simu za wadhamini. Mwanachama anataka salio lake na miamala kumi ya mwisho. Meneja anataka jumla. Kila mmoja anapewa jedwali lake lililokwisha kupangwa, linalojazwa na programu inayosikiliza matukio. Hapa tutaliita jedwali la kusoma, na programu inayolijaza tutaiita mjazaji.

Lazima viwili hivi viende pamoja?

Unaweza kutenganisha kuandika na kusoma bila kuhifadhi matukio kabisa, hata ndani ya hifadhidata moja, na timu nyingi zingenufaika kwa kuishia hapo. Kinyume chake ni kigumu. Ukihifadhi matukio pekee, swali rahisi kama "nionyeshe wanachama wote wenye akiba zaidi ya milioni moja" linakulazimu kupitia matukio ya kila mtu. Ndiyo maana anayehifadhi matukio karibu kila mara huishia kuwa na majedwali ya kusoma.

Na huduma ndogo zinaingia wapi?

Huduma ndogo ni programu ndogo zinazojitegemea, kila moja na kazi yake, badala ya programu moja kubwa. Zinaingia baadaye, na si lazima. Hili nalisisitiza kwa sababu watu huvibeba vitu vitatu kwa mkupuo: matukio, kutenganisha kusoma, na huduma kumi na mbili zenye hifadhidata kumi na mbili. Kisha mradi ukikwama wanalaumu matukio.

Anza na programu moja yenye mipaka safi ndani yake: uanachama, akiba, mikopo, taarifa kwa wanachama. Sehemu hizo zisisomeane majedwali, ziwasiliane kwa amri na matukio tu. Siku ambayo sehemu ya mikopo inahitaji timu yake, ratiba yake ya kutoa matoleo, au seva yenye nguvu zaidi, utaitenga bila kuvunja nyumba, maana mpaka ulishakuwepo. Ukigawanya mapema utakuwa unabahatisha mpaka uko wapi, na mpaka uliokosewa kati ya huduma mbili ni ghali mno kuuhamisha.

Mtiririko mmoja wa matukio uwe na ukubwa gani?

Mtiririko ni mfululizo wa matukio ya kitu kimoja, kama mkopo mmoja. Jiulize ni vitu gani lazima vilindwe pamoja kwa wakati mmoja. Mfano mzuri ni mdhamini. Tuseme Bi Zuhura ana akiba huru ya shilingi 500,000, na amekubali kuwadhamini watu wawili, kila mmoja kwa shilingi 400,000. Kanuni ni kwamba hawezi kudhamini zaidi ya akiba yake huru. Kwa hiyo akiba yake na dhamana alizotoa lazima viwe kwenye mtiririko mmoja, maana ndivyo vinavyoamua ombi la pili likataliwe. Historia ya marejesho ya wale aliowadhamini haihusiki na uamuzi huo. Iache kwenye mitiririko ya mikopo yao.

Kosa la kawaida ni kuweka kila kitu cha mwanachama kwenye mtiririko mmoja kwa kuwa "ni mtu mmoja". Matokeo yake ni kwamba anayebadilisha namba ya simu anagongana na anayepokea rejesho, ilhali mambo hayo hayana uhusiano wowote.

Matukio niyahifadhi wapi?

Kwa mifumo mingi, hifadhidata ya kawaida kama PostgreSQL inatosha, na timu yako huenda tayari inaijua. Jedwali moja: utambulisho wa mtiririko, nafasi ya tukio ndani ya mtiririko, aina, data, wakati, na namba ya jumla ya mpangilio. Kiungo muhimu kuliko vyote ni kizuizi cha upekee kwenye jozi ya mtiririko na nafasi, yaani hifadhidata ikatae mistari miwili yenye jozi ile ile. Zipo pia hifadhidata zilizotengenezwa mahsusi kwa kazi hii, na kwa wanaotumia Java kuna zana za Axon, lakini usianze kwa kununua kabla hujaelewa jedwali hili dogo.

Kizuizi hicho ndicho kinachomlinda Bi Zuhura. Maombi mawili ya dhamana yanafika kwa sekunde ile ile kwenye seva mbili. Zote mbili zinasoma mtiririko wake, zinaona tukio la mwisho liko nafasi ya 41, zinaona akiba huru ni 500,000, na kila moja inaamua kukubali. Zote zinajaribu kuandika nafasi ya 42. Hifadhidata inaikubali moja na kuikataa nyingine. Iliyokataliwa inasoma upya, sasa inaona akiba huru imebaki 100,000, na inakataa ombi kwa sababu sahihi. Hakuna kufuli lililoshikiliwa kwa muda mrefu, na hakuna aliyedhamini asichokuwa nacho.

Kwa nini nisitumie Kafka kama hifadhi ya matukio?

Kafka, iliyozaliwa LinkedIn na kufunguliwa kwa umma mwaka 2011, ni chombo bora cha kusambaza matukio kati ya huduma. Kama hifadhi ya kufanyia uamuzi, ina upungufu wa namna mbili. Kwanza, haikupi njia ya kusema "andika tukio hili iwapo tu la mwisho kwenye mtiririko huu ni la 41", yaani kile kile kilichomlinda Bi Zuhura. Pili, kusoma matukio ya mkopo mmoja kati ya laki kadhaa si kazi iliyoundiwa. Mada, yaani foleni ya ujumbe ya Kafka yenye jina lake, moja hubeba mikopo yote, na kuwa na mada kwa kila mkopo hakufai.

Kuna na mtego wa usanidi: bila kubadilisha chochote, Kafka huhifadhi ujumbe kwa saa 168, yaani siku 7, kisha huruhusu ufutwe. Anayedhani ameweka historia ya miaka humo na hajagusa mpangilio huo atashangaa. Pia kumbuka kwamba mpangilio wa ujumbe unadhaminiwa ndani ya kigawanyo kimoja tu cha mada, yaani moja ya sehemu ambazo mada hugawanywa. Tumia utambulisho wa mkopo kama ufunguo, ili matukio ya mkopo mmoja yaende kigawanyo kimoja na yasipishane njiani.

Mwanachama ameweka pesa, amefungua programu, salio bado ni la zamani. Hii si hitilafu?

Ni tabia ya mfumo, lakini kwa mwanachama ni hofu ya pesa kupotea, na hofu hiyo ni halali. Usimjibu kwa nadharia. Jedwali la kusoma linajazwa baada ya tukio kuandikwa, na kati ya hapo kuna muda. Kwa kawaida ni mdogo mno kuonekana, ila mjazaji akikwama unaweza kuwa dakika.

Njia ya kwanza ni kutotenganisha muda pale pasipo na haja: kama matukio na jedwali la salio viko kwenye hifadhidata moja, yaandike yote mawili ndani ya muamala mmoja wa hifadhidata, yaani yakubaliwe yote au yasikubaliwe hata moja. Ukubwa wa SACCOS nyingi unaruhusu hili kabisa, na sijui kwa nini washauri wengi hawalitaji. Njia ya pili: amri ikikubaliwa, mrudishie mteja nafasi ya tukio lililoandikwa. Anaposoma salio anaituma nafasi hiyo, na upande wa kusoma unasubiri kidogo hadi mjazaji aifikie. Njia ya tatu ni ya skrini: onyesha "Amana ya shilingi 50,000 imepokelewa, salio linasasishwa", wala usionyeshe salio la zamani bila maelezo.

Jambo moja halina mjadala. Usifanye uamuzi wa pesa kwa kusoma jedwali la kusoma. Kutoa pesa, kuidhinisha mkopo, kukubali dhamana: yote yaamuliwe kwa matukio yenyewe. Jedwali la kusoma ni la macho.

Ujumbe ukifika mara mbili?

Utafika. Njia karibu zote za kusambaza ujumbe huahidi kufikisha angalau mara moja, na taarifa za malipo ya simu kutoka kwa watoa huduma nazo hurudiwa pale seva yako inapochelewa kujibu. Rejesho la shilingi 85,000 likihesabiwa mara mbili, mwanachama atafurahi kwa wiki moja na mhasibu ataumwa kichwa mwezi mzima.

Kinga ni utambulisho usiobadilika. Kwenye mlango wa kuingilia, namba ya muamala ya mtoa huduma iwe na kizuizi cha upekee. Ikija tena, jibu "nimepokea" na usiandike tukio jipya. Kwa wajazaji, kila mmoja ahifadhi namba ya tukio la mwisho alilolishughulikia, na aihifadhi ndani ya muamala ule ule wa hifadhidata unaobadilisha jedwali lake. Vikiandikwa kwa miamala miwili, kuna sekunde ambayo kimoja kimeandikwa na kingine bado, na seva huchagua sekunde hiyo kuzima.

Kafka ina uwezo wa kushughulikia ujumbe mara moja tu tangu toleo la 0.11 la mwaka 2017, lakini ahadi hiyo ni ya kusoma na kuandika ndani ya Kafka yenyewe. Ukiandika kwenye PostgreSQL au ukituma SMS, umetoka nje ya ahadi.

Nimeandika tukio, seva ikazima kabla ya kulituma kwa huduma nyingine. Nifanyeje?

Usitume moja kwa moja kutoka kwenye msimbo unaoandika. Hifadhidata na kisambazaji ujumbe, kama Kafka, ni vitu viwili, na hakuna muamala wa kuaminika unaovifunga pamoja. Andika tukio, kisha programu nyingine isome jedwali la matukio na kuyapeleka kwenye kisambazaji, ikikumbuka ilipofikia. Ikianguka, ikirudi inaendelea, na huenda ikarudia machache. Ndiyo sababu jibu la swali lililotangulia ni la lazima. Wanaotumia majedwali ya kawaida hufanya hivi kwa kuweka jedwali la pembeni la ujumbe unaosubiri kutumwa. Anayehifadhi matukio tayari analo. Programu iitwayo Debezium inaweza kufanya usomaji huo kwa kufuatilia kumbukumbu ya mabadiliko ya hifadhidata.

Hapa kuna shimo ambalo wengi hulitumbukia bila kujua, na nitakaa nalo kidogo. Kwenye PostgreSQL, namba inayojiongeza yenyewe hutolewa wakati wa kuandika mstari, lakini mstari hauonekani na wengine hadi muamala ukamilike. Muamala A anapewa namba 1001 na bado anaendelea. Muamala B anapewa 1002 na anamaliza. Msomaji wako anakuja, anaona 1002, anaandika "nimefika 1002" na kuondoka. Kisha A anamaliza. Tukio 1001 sasa lipo, na msomaji hatarudi nyuma kulisoma milele. Hakuna kosa kwenye kumbukumbu za seva (logi), hakuna kengele. Kuna rejesho moja tu ambalo halikuonekana kwenye ripoti.

Ukijaribu kuziba kwa kusubiri namba iliyorukwa, utakwama pia, kwa sababu muamala ulioghairiwa huacha pengo la kudumu. Suluhisho zinazofanya kazi ni mbili. Ya kwanza ni kuhakikisha waandishi wanapita mmoja mmoja kwa kutumia kufuli la ushauri (advisory lock) la PostgreSQL, ambalo programu zenyewe hukubaliana kuliheshimu. Ni rahisi, na inatosha kama uandishi wako si mwingi. Ya pili ni kuhifadhi pia namba ya muamala wa hifadhidata kwenye kila mstari, na msomaji asivuke miamala ambayo bado iko wazi. Kuanzia PostgreSQL 13 zipo pg_current_xact_id na pg_snapshot_xmin kwa kazi hiyo. Maktaba unayotumia ikidai inahifadhi matukio kwenye PostgreSQL, uliza inashughulikiaje hili kabla ya kuuliza kingine chochote.

Kutoa mkopo kunagusa huduma tatu. Nani anahakikisha zote zinakamilika?

Watafiti Hector Garcia-Molina na Kenneth Salem walitoa jibu mwaka 1987 na kuliita saga: shughuli ndefu igawanywe katika hatua fupi, na kila hatua iwe na hatua ya kuitengua. Mkopo ukiidhinishwa, akiba za wadhamini zinafungwa, kisha pesa zinatumwa kwa simu ya mkopaji. Mtoa huduma akisema namba hiyo imefungwa, wadhamini wanafunguliwa akiba zao na mkopo unawekwa alama kwamba haukutolewa.

Kutengua si kurudisha nyuma wakati. Mdhamini alishaona kwenye simu yake kwamba akiba imefungwa, na sasa ataona imefunguliwa, kwa hiyo ujumbe wa pili umweleze sababu. Hali ngumu zaidi ni kimya: umetuma ombi la pesa na hujajibiwa. Hapo usitengue na usirudie. Uliza hali ya muamala kwa namba yako ya kumbukumbu, na kama jibu halipatikani mpe binadamu kazi hiyo kwenye orodha anayoiona kila asubuhi. Kwa shughuli nyeti kama hii napendelea programu moja inayoongoza hatua zote na yenyewe inaandika matukio yake, kuliko huduma tatu zinazosikilizana bila kiongozi. Ukiulizwa mkopo umekwama wapi, unasoma mahali pamoja.

Tukio likiwa limeandikwa kimakosa?

Ongeza tukio la kurekebisha: RejeshoLimebatilishwa, likitaja namba ya lile lililokosewa, sababu, na aliyeidhinisha. Usilifute la kwanza. Kama kulikuwa na riba iliyohesabiwa juu ya kosa hilo, nayo irekebishwe kwa tukio lake.

Muundo wa tukio ukibadilika baada ya miaka miwili?

Matukio ya zamani yatabaki na sura yao, na msimbo mpya lazima uyaelewe. Kuongeza sehemu isiyo ya lazima hakuna shida. Kubadilisha jina la sehemu au kugawanya moja kuwa mbili hushughulikiwa na kibadilishi kidogo kinachosimama kati ya hifadhi na msimbo, kikipokea toleo la 1 na kutoa toleo la 2, huku data ya hifadhini ikibaki ilivyo.

Kinachoua ni kubadilisha maana bila kubadilisha jina. Ikiwa "kiasi" kilikuwa rejesho pamoja na riba, na kuanzia Januari mmeamua kiwe bila riba, hilo ni tukio jipya lenye jina jipya.

Je, huduma nyingine zisome matukio yangu ya ndani moja kwa moja?

Hapana. Tenga matukio ya ndani na matukio ya kutangazia nje. Ya ndani yana undani wote na utataka kuyaboresha. Ya nje ni mkataba. Huduma ya taarifa inahitaji kujua kwamba mkopo umelipwa wote, haihitaji hesabu ya riba ya kila siku. Ukiwaacha wote wasome ya ndani, kila badiliko dogo litahitaji kikao cha timu nne.

Mtiririko ukiwa na matukio maelfu, si utakuwa mzito?

Mara nyingi si tatizo. Mkopo wa miezi 24 una matukio machache mno kwa hifadhidata kuhangaika. Akaunti ya akiba ya miaka kumi ni ndefu zaidi, na hapo watu hukimbilia kuhifadhi picha ya hali, yaani hali ilivyo wakati huo, kila baada ya matukio kadhaa. Inafanya kazi, ila picha hiyo nayo ina muundo unaobadilika na inaweza kupitwa na wakati. Napenda zaidi njia ya wahasibu wenyewe: kufunga mwaka. Tukio la MwakaUmefungwa linabeba salio la kuanzia, mtiririko mpya unaanza, na wa zamani unabaki kwa wakaguzi.

Nikijenga upya jedwali la kusoma, kuna hatari gani?

Kuna moja inayotisha: mjazaji anayetuma SMS. Ukimpitisha kwenye matukio ya miaka mitatu, wanachama wote watapokea ujumbe wa kila rejesho walilowahi kulipa, usiku mmoja, kwa gharama yako. Programu zinazojaza majedwali na programu zinazofanya jambo duniani ziwe tofauti kabisa, na za pili zisiwe na kitufe cha kuanza mwanzo.

Kwa majedwali yenyewe, jenga jipya pembeni huku la zamani likiendelea kutumika, lisubiri lifikie tukio la sasa, kisha hamisha wasomaji.

Sheria za faragha zinampa mtu haki ya kufutwa. Matukio hayafutiki. Itakuwaje?

Kenya ina sheria ya ulinzi wa data ya mwaka 2019, Tanzania ina ya mwaka 2022, na ukiwa na wanachama walioko Ulaya kuna kanuni za huko zilizoanza kutumika Mei 2018. Usisubiri mkaguzi.

Njia ya kwanza, ambayo ndiyo naipendekeza: taarifa binafsi zisiingie kwenye matukio. Jina, namba ya kitambulisho, simu na anwani ziwe kwenye jedwali la kawaida linaloweza kufutwa, na tukio libebe utambulisho usio na maana nje ya mfumo. Njia ya pili ni kusimba sehemu binafsi kwa ufunguo wa mtu huyo peke yake. Siku ya kufuta unaharibu ufunguo, na maandishi yanabaki bila kusomeka. Njia hii inadai ulinzi mkubwa wa funguo, na kumbuka kwamba majedwali ya kusoma, nakala rudufu na kumbukumbu za seva nazo zina majina yale yale. Kumbukumbu za fedha mara nyingi zina muda wa kisheria wa kutunzwa, kwa hiyo mwanasheria aamue kipi kifutwe na lini.

Majaribio ya msimbo yanaandikwaje?

Hapa ndipo njia hii inapendeza kuliko zote. Kila jaribio lina sehemu tatu: yakiwa yametokea haya, ikija amri hii, yatokee haya. Yakiwa yametokea AkibaImewekwa 500,000 na DhamanaImetolewa 400,000, ikija amri ya kudhamini 400,000, itokee DhamanaImekataliwa. Huhitaji hifadhidata wala seva, na ofisa mikopo anaweza kuyasoma na kukuambia umekosea kanuni.

Lini nisiitumie kabisa?

Pale ambapo hakuna anayejali jana. Orodha ya matawi, mipangilio ya programu, kurasa za matangazo: weka kwenye majedwali ya kawaida. Hata ndani ya SACCOS, sehemu ya uanachama huenda isihitaji matukio, wakati akiba na mikopo zinahitaji. Mfumo mmoja unaweza kuwa na njia zote mbili. Na kama timu ni ya watu wawili wenye miezi mitatu, wajenge majedwali mazuri yenye leja ya miamala isiyofutwa. Hapo watakuwa wamepata faida kubwa ya matukio bila mzigo uliobaki.

Nianzie wapi?

Anza ukutani, na watu wa kazi. Mshauri wa programu Alberto Brandolini aliunda utaratibu wa kukaa na wahusika na kubandika karatasi, moja kwa kila tukio, kwa mpangilio wa wakati. Mwite ofisa mikopo, mweka hazina, na mtu anayepokea malalamiko dirishani. Waachie wabandike. Watabishana kuhusu lini hasa mkopo "umeidhinishwa", je, ni kamati inapokubali au mwenyekiti anapotia saini, na ubishi huo ni mali. Bora utokee kwa karatasi kuliko kwa msimbo.

Kisha chukua kipande kimoja, tuseme marejesho, ukijenge kizima: amri, matukio, jedwali moja la kusoma, majaribio. Kiendeshe sambamba na mfumo uliopo kwa mwezi mmoja. Kabla ya kuwapa watumiaji, futa jedwali la kusoma saa za kazi, lijenge upya kutoka kwenye matukio, na ulinganishe jumla na daftari la mhasibu. Zikipishana hata kwa shilingi moja, msiwashe.